KIDONDA CHA USO KISICHOPONA: HESABU SIKU, USINGOJE MAUMIVU

Maneno haya yalisemwa na mhamasishaji wa afya kwenye mkutano wa wakaaji wa Mantapala. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako. Asiyejua kusoma, msomee.



Mimi ni mtoto wenu. Nilisoma mpaka sekondari, na kazi yangu hapa ni kupita nyumba kwa nyumba na kuzungumza nanyi habari za afya. Mimi si daktari. Ninayosema leo nimefundishwa na wenye kazi hiyo, na nimejaribu kuyaweka katika maneno yetu ya nyumbani.

Tukikutana hapa, mara nyingi tunazungumza malaria, kuhara, surua na maji safi. Magonjwa hayo yana kelele: mtoto anachomeka homa, anatapika, na mama anakimbia kliniki usiku huohuo. Leo nataka tuzungumze ugonjwa usio na kelele. Hauleti homa. Haumlazi mtu kitandani. Unaanza kama chunusi au gamba dogo usoni, na mtu anaendelea na kazi zake. Lakini ukiachwa unaingia ndani, unakula sikio, pua au jicho, unafika kwenye mfupa. Ni kansa ya ngozi ya uso. Wengine huiita saratani.

Neno langu la leo ni moja, na ukisahau mengine yote, shika hili: kidonda, gamba au uvimbe wowote wa uso, sikio, mdomo, kichwa au shingo ambao haujapona baada ya majuma manne, uonyeshwe kliniki, hata kama hauumi hata kidogo.

KANSA YA NGOZI NI NINI?

Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Chembe za ngozi huzaliwa, hufanya kazi, hufa, na nyingine huchukua nafasi yake. Kila chembe ina amri ndani yake inayoiambia lini izaane na lini iache. Jua kali likipiga ngozi miaka mingi, linaharibu amri hiyo. Chembe iliyoharibika inaanza kuzaana bila kuacha. Ni kama magugu katika shamba la mihogo: hayajui mpaka wa shamba la mtu, na usipoyang'oa yakiwa machanga, mizizi inashuka.

Kansa za ngozi ziko aina nyingi, lakini tatu ndizo zinazosikika zaidi. Moja hukua polepole, hukaa mahali pamoja, na ni nadra kusafiri mbali. Nyingine huanzia kwenye chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Inaitwa melanoma, nayo ni ya hatari sana. Ya tatu huanzia kwenye chembe bapa za tabaka la juu la ngozi. Hiyo ya tatu ndiyo nataka tuijue vizuri, kwa sababu huku Afrika ndiyo inayowapata zaidi watu wenye ualbino. Inakua haraka, inachimba kwenda chini, na inaweza kuhamia kwenye tezi za shingo na mbele zaidi.

NANI YUKO KATIKA HATARI?

Wengi wetu tunasema: kansa ya ngozi ni ugonjwa wa wazungu. Ni kweli kwamba rangi nyeusi ya ngozi, inayoitwa melanini, ni kama mwavuli tuliozaliwa nao. Lakini wako wenzetu waliozaliwa bila mwavuli huo, na wako wengine ambao mwavuli wao hautoshi.

1. Watu wenye ualbino. Hawa ndio wa kwanza. Ngozi yao haina melanini, au inayo kidogo sana. Tanzania inakadiriwa kwamba mtu 1 kati ya kila watu 1,400 ana ualbino. Madaktari wa Dar es Salaam walichapisha mwaka 1985 uchunguzi wao juu ya watu 350 wenye ualbino. Waliona kwamba jua huanza kuharibu ngozi tangu utoto, na kwamba kansa zilizokwisha kuenea zilikuwa zinawapata watu wangali na nguvu za kulima na kulea watoto. Kwa hiyo usifikiri huu ni ugonjwa wa uzee. Kwa mtu mwenye ualbino unaweza kuja akiwa kijana.

2. Watu wenye kovu kubwa la moto, au kidonda cha zamani ambacho miaka inapita hakifungi. Kansa inaweza kuota katika kovu au kidonda cha namna hiyo, hata kwa mtu mweusi kabisa. Wengi wetu tumetoka nyumba zilizochomwa kule Kongo, na makovu tunayo. Kovu likianza kupasuka na kuota nyama, lionyeshwe.

3. Watu ambao kinga yao ya mwili imepungua, hasa wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Kuna kansa inayoota juu ya jicho lenyewe. Inaanza kama kinyama cheupe au chekundu kwenye weupe wa jicho, karibu na ile duara nyeusi. Zambia na nchi za jirani inaonekana sana, na jua na virusi hivyo ni sababu zake kubwa. Wengi huiona wakadhani ni vumbi au nyama ya kawaida ya jicho. Kinyama kinachokua jichoni hakingojewi.

Na sisi wengine wote tusijisahau. Mnamjua Bob Marley, mwimbaji wa Jamaika. Mwaka 1977 alikutwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Iliendelea kuenea mwilini, na alikufa tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36. Kwa watu weusi melanoma hupenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Kwa hiyo leo tunasema uso, lakini ukioga tazama na miguu.

Tukumbuke pia mahali tulipo. Nchelenge ipo karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na Ziwa Mweru liko zaidi ya mita 900 juu ya bahari. Hapa jua hupita wima juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, katikati ya mwezi wa kumi na mwishoni mwa mwezi wa pili. Tena maji na mchanga wa ufukweni hurudisha mwanga kutoka chini kuja usoni. Mtu anayeanika chisense ufukweni anapigwa na jua la juu na la chini.

INAINGIAJE NDANI?

Watu huuliza: kidonda kidogo hivi kitafikaje kwenye mfupa? Jishike uso sasa hivi, utaelewa. Kwenye tumbo au paja, toka ngozi mpaka mfupa kuna nyama nyingi. Usoni ni karibu sana. Shika sikio: chini ya ngozi kuna gegedu tu, ule mfupa laini. Shika pua: vivyo hivyo. Shika pembeni ya jicho: mfupa uko hapohapo. Shika shavu mbele ya sikio: hapo ndani kuna tezi ya mate, na katikati ya tezi hiyo unapita mshipa wa fahamu unaotikisa uso wako wote ukicheka au ukifumba jicho.

Kansa hii hufuata njia tatu. Njia ya kwanza ni kuchimba moja kwa moja: ngozi, nyama, gegedu, mfupa. Njia ya pili ni kutambaa kando ya mishipa ya fahamu, kama mchwa anayefuata ukuta, hata kuelekea ndani ya fuvu. Njia ya tatu ni kusafiri mpaka kwenye tezi za shavu na shingo, na kutoka hapo hata kwenye mapafu.

Kila njia ina alama zake. Ukiona mojawapo ya hizi, usihesabu tena majuma manne. Nenda siku hiyohiyo:

– sehemu ya uso imekufa ganzi, au unahisi kama sungusungu wanatembea chini ya ngozi;
– mdomo umevutwa upande mmoja, au jicho halifungi;
– unaona kitu kimoja kama viwili, au jicho linasukumwa mbele;
– kufungua mdomo ule bukari kumekuwa shida;
– kuna uvimbe mgumu chini ya taya, mbele ya sikio au shingoni;
– kidonda kinatoa damu mara kwa mara, kinanuka, au kimeota nyama kama ua la koliflawa.

KWA NINI TUNACHELEWA?

Katika kupita nyumba kwa nyumba nimesikia sababu nyingi. Nitataja tatu.

Sababu ya kwanza: hakiumi. Sisi tumezoea kumpima mgonjwa kwa maumivu. Kisichouma tunakiacha. Lakini kansa hii mara nyingi haiumi mwanzoni. Maumivu makali huja ikiwa imekwisha kufika kwenye mishipa ya fahamu au kwenye mfupa. Mtu anayengoja maumivu anangoja ugonjwa ukue. Ndiyo maana ninawaomba mhesabu siku. Siku ulipoona gamba la kwanza, iandike ukutani kwa mkaa. Mwezi ukipita na gamba bado lipo, au linatoka na kurudi mahali palepale, umepata jibu: nenda kliniki.

Sababu ya pili: kuficha. Mtu anafunga kitambaa juu ya sikio, na nyumba nzima inanyamaza. Wengine wanaona aibu. Wengine wanasema ni uloji, wanamtafuta aliyeutuma. Na familia zenye mtu mwenye ualbino zina hofu ya kweli. Tangu mwaka 2007 dunia nzima ilisikia jinsi watu wenye ualbino walivyoshambuliwa na kuuawa nchini Tanzania kwa ajili ya uchawi, na mambo ya namna hiyo yalitokea katika nchi nyingine pia. Mzazi anayemficha mtoto wake anamlinda na watu. Ninamwelewa. Lakini anayefichwa na watu anafichwa na muuguzi pia. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kama unaogopa kumtoa mtoto peke yake, tuiteni sisi wahamasishaji tumsindikize.

Nyumba moja niliyoingia, kijana alikuwa ameketi chumba cha nyuma na kitenge kichwani. Sitataja bloki wala jina. Mamaye alinionyesha unga mweusi ambao walikuwa wanaupaka kwenye sikio kwa miezi minane. Kila wakipaka, kidonda kinakauka juu siku chache, nao wanashukuru. Chini yake kilikuwa kinaendelea kuchimba. Tulipofungua, nusu ya sikio haikuwepo, na chini ya taya kulikuwa na uvimbe mgumu kama jiwe. Kijana huyo aliniuliza jambo moja tu: "Kwa nini hakuna aliyetuambia kwamba kidonda kisichouma nacho ni kidonda?" Ndiyo maana niko mbele yenu leo.

Unga, majani ya kuchoma, maji ya betri, chuma cha moto: hivi vyote vinachoma juu na kuacha mzizi. Tena vinampotezea daktari alama za ugonjwa. Usiviweke usoni.

Sababu ya tatu: hofu ya kisu na ya safari. Juu ya hiyo tutazungumza sasa.

UKIFIKA KLINIKI, NINI KITATOKEA?

Anza hapahapa kambini. Mwambie muuguzi maneno haya: "Nina kidonda usoni, leo ni juma la tano, hakiponi." Taja juma. Ukisema tu "nina kidonda," utaweza kupewa mafuta ya kupaka na kurudi nyumbani. Ukipewa dawa na kidonda hakijapona baada ya majuma mawili, rudi tena na useme hivyo. Kurudi si kusumbua.

Kutoka kliniki, mgonjwa anaweza kupelekwa hospitali ya St Paul's pale Kashikishi, na kutoka hapo Mansa, kwenye hospitali kubwa ya jimbo letu la Luapula. Ugonjwa ukihitaji zaidi, njia inakwenda mpaka Lusaka, ambako kuna hospitali kuu ya mafunzo na hospitali ya serikali ya magonjwa ya kansa iliyofunguliwa mwaka 2007.

Kwanza watakata kipande kidogo cha kidonda kwa sindano ya ganzi, kipimwe kwa darubini. Hapo ndipo inajulikana kama ni kansa na ni ya aina gani. Daktari atapapasa pia shingo na mashavu kutafuta tezi zilizovimba.

Kama ni kansa na bado ni ndogo, tiba yake kubwa ni kuikata yote pamoja na ukingo wa ngozi nzima inayoizunguka, ili mzizi usibaki. Mara nyingi inatosha, na inabaki kovu tu. Kama imeingia ndani, operesheni inakuwa kubwa: wataondoa gegedu, pengine sikio au jicho, pengine tezi za shingo, na kuziba mahali hapo kwa ngozi iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili. Baada yake inaweza kuhitajika tiba ya mionzi, ambayo hutolewa kidogo kidogo kwa majuma kadhaa. Tangu mwaka 2018 nchi tajiri zina dawa mpya za mshipa zinazoamsha kinga ya mwili ipigane na kansa hii ikiwa imeenea. Dawa hizo ni ghali mno. Mtu wa Mantapala asizingojee. Dawa tuliyo nayo sisi ni kuwahi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Gamba la ukubwa wa punje ya mahindi linatolewa siku moja. Likifika kwenye taya, ni miezi, ni Lusaka, na si hakika.

Sitawadanganya: karatasi ya rufaa inachukua muda, na kibali cha kutoka kambini pia. Usiondoke bila kibali, maana utasimamishwa njiani. Na kwa sababu muda huo upo, anza mapema. Shika karatasi zako zote katika mfuko mmoja wa plastiki. Chagua mapema ndugu atakayekusindikiza na atakayebaki na watoto. Ukiona majuma yanapita bila jibu, mwambie mhamasishaji wa bloki yako akufuatilie.

KAMA TUMECHELEWA

Wako ambao ugonjwa umekwisha kwenda mbali, na daktari anasema hauondoki tena. Hata huyo hatupwi. Bado ana haki ya dawa ya maumivu, hata ile ya nguvu, mofini, ikiwa daktari ameiandika. Kidonda kisafishwe kila siku kwa maji yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, yakiisha kupoa. Harufu ikiwa kali, muulize muuguzi juu ya vidonge vya metronidazo: husagwa vikanyunyizwa kwenye kidonda, na harufu inapungua sana. Usifanye hivyo bila yeye kukuonyesha kipimo.

Na tusimfungie chumbani. Kansa haiambukizi. Kula naye sahani moja, mpe mtoto ampakate. Mtu akipoteza pua yake asipoteze na watu wake.

TUJIKINGE NAMNA GANI?

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga nyingi ya jua haihitaji pesa kubwa. Haya ni hasa kwa wenzetu wenye ualbino na kwa wazazi wao:

1. Kivuli. Jua baya ni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kulima, kuteka maji na kwenda soko kufanyike alfajiri na jioni. Chisense huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchana. Katika familia, mwenye ualbino apewe kazi ya kupima na kuuza chini ya paa. Kugeuza samaki juani kufanywe na mwingine. Mawingu yasikudanganye, jua linapita ndani yake.

2. Kofia yenye ukingo mpana pande zote, vidole vinne au zaidi. Kepi ya mpira inafunika paji la uso tu, inaacha masikio na shingo, na masikio ndipo kansa inapopenda kuanzia. Kofia inaweza kusukwa hapahapa kwa majani.

3. Mikono mirefu na nguo ndefu. Inua kitambaa juu kuelekea mwanga. Ukiona mwanga wazi ndani yake, jua nalo linaona.

4. Mafuta ya kukinga jua, yenye namba 30 au zaidi, kwa masikio, pua, midomo na shingo. Yapakwe kabla ya kutoka na kurudiwa baada ya saa mbili. Vaselini, mafuta ya mawese na mafuta ya kupikia hayakingi jua. Krimu za kung'arisha ngozi zinaharibu zaidi. Kule Moshi, Tanzania, yanatengenezwa mafuta ya kukinga jua yanayoitwa Kilisun, yaliyofanywa hasa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Jambo hilo latuonyesha kwamba mafuta haya ni dawa, si urembo. Ukifika kliniki, uliza kama yapo. Yasipopatikana, kofia, nguo na kivuli vinafanya kazi kubwa.

5. Shule. Mwalimu, mruhusu mtoto huyo kuvaa kofia, mkutano wa asubuhi awe kivulini, na darasani akae mbele, maana macho yake hayaoni mbali.

6. Uchunguzi wa ngozi kila miezi sita, hata kama hakuna kidonda. Mabaka makavu yenye magamba yakionekana mapema, yanatibiwa kabla hayajawa kansa.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mama mmoja aliuliza: "Binti yangu wakimkata pua, nani atamwoa?"
Jibu: Mama, swali lako ni la kweli, na sitalicheka. Lakini anayekata pua ni ugonjwa. Daktari akipewa nafasi mapema, anakata gamba na pua inabaki. Tukimchelewesha binti kwa ajili ya ndoa, tunaweza kukosa ndoa na binti pia.

Mzee mmoja aliuliza: "Nimesikia kisu kikigusa kansa, inaenea. Ni kweli?"
Jibu: Hapana, mzee wangu. Kukata kipande cha kupima hakusambazi ugonjwa huu. Maneno hayo yametoka kwa watu waliopasuliwa wakiwa wamechelewa; walipokufa, lawama ikaenda kwa kisu.

Kijana mmoja aliuliza: "Kama ni uloji, hospitali itafanya nini?"
Jibu: Anayetaka kuomba na aombe, na mchungaji au shehe wake amsindikize. Lakini jua la Nchelenge halihitaji mloji kulituma. Mpeleke kliniki kwanza.

Baba mmoja aliuliza: "Mke wangu alizaa mtoto mwenye ualbino, na kwetu hakuna. Ametoka wapi?"
Jibu: Kwako na kwake, baba. Mtu anaweza kubeba mbegu ya ualbino bila kuonekana. Baba na mama wote wawili wakiibeba, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ualbino. Mama hana kosa. Mtoto huyo anahitaji kofia ya baba yake zaidi ya mashaka yake.

KAZI YA JUMA HILI

Ndugu zangu, wengi wetu tulivuka mpaka na mzigo wa kichwani tu, tukapita Kenani, na tangu mwaka 2018 tumejenga hapa. Hatukuvuka kwa ajili ya kuja kufa na kidonda kilichoanza kama chunusi.

Kwa hiyo naomba kila nyumba ifanye jambo moja juma hili. Uso haujioni. Kaeni wawili wawili mahali penye mwanga, mtazamane: nyuma ya masikio, pembe za macho, kando ya pua, mdomo wa chini, kichwa chini ya nywele, shingo. Mzee asiye na mtu, jirani amtazame. Mkiona gamba au kidonda, ulizeni kimeanza lini. Kama ni zaidi ya majuma manne, kesho asubuhi kliniki. Kama bado, andikeni tarehe ukutani.

Tarehe 13 Juni ni siku ya dunia ya kuwakumbuka watu wenye ualbino. Imeadhimishwa tangu mwaka 2015. Ikifika, ningependa tukutane tena hapa, tuhesabu ni wangapi wametazamwa na ni wangapi wamevaa kofia.